Kompyuta ya nyumbani ikae nyumbani

Kila msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, steshenari za mitaani hufurika. Pita Sinza, pita Tabata au Mbagala jioni, utawakuta vijana wamejipanga na bahasha za kaki mikononi, wakisubiri dada wa steshenari awaskanie vyeti, awajazie taarifa kwenye mfumo, awachapie fomu. Nyuma yao wamo wadogo wanaosubiri kuchapiwa kazi za shule. Kinachonisumbua kila nikizikuta foleni hizi ni kwamba si wote wanatoka katika nyumba zisizo na kompyuta. Ukiwauliza, majibu yanafanana. Ipo, lakini baba ameenda nayo kazini. Ipo, ila kaka yuko nayo chuo, Dodoma. Ipo, chaja imekufa. Ipo, shangazi aliiazima tangu Pasaka na hajairudisha.

Kompyuta zote hizo ni mpakato. Zilinunuliwa kwa jina la familia, pengine kwa fedha za kikoba au mkopo wa mshahara, na mzazi aliponunua alisema kwa nia njema kabisa kwamba itawasaidia watoto. Miezi michache baadaye watoto wale wale wanalipia ukurasa mmoja mmoja mtaani.

Msimamo wangu ni huu. Familia yenye watoto wanaosoma, yenye umeme wa Tanesco na pembe ya kuweka meza, ikipata fedha za kununua kompyuta moja tu, inunue ya mezani. Uzito wake, nyaya zake, ule ugumu wa kuibeba, mambo ambayo wengi huyahesabu kuwa kasoro, ndiyo yanayoifanya iwe mali ya nyumba nzima.

Kumi nenda uje

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mpakato hutoka asubuhi kwenye begi na kurudi usiku, na ikirudi imechoka pamoja na mwenyewe. Ina neno la siri linalojulikana na mtu mmoja. Ina mafaili ya ofisi, kwa hiyo mtoto akiisogelea anaambiwa asiguse, kuna kazi za watu humo. Hata siku ya Jumamosi inapolala nyumbani, iko chumbani kwa wazazi, juu ya kabati.

Kitu kinachobebeka humfuata mwenye nguvu ndani ya nyumba. Kwanza baba, kisha kijana mkubwa, hasa akiwa wa kiume na yuko chuo. Ni nani basi wanaokosa? Wanaokosa ni wale wanaoshinda nyumbani: mama anayeendesha biashara ya vitenge au ya keki na angependa kuweka hesabu zake sawasawa, binti wa kidato cha pili, mdogo wa darasa la tano. Hao ndio tuliosema tunawanunulia.

Fikiria cherehani. Nyumba nyingi zilizokuwa na cherehani miaka ile hazikuwa na mashine ya mtu mmoja. Ilikaa ukumbini au barazani, mama akashona sare za shule, mabinti wakajifunza kwa kumtazama, jirani akaja kukunja pindo la pazia. Hakuna aliyeibeba kwenda nayo kazini. Ujuzi ulienea ndani ya nyumba kwa sababu chombo kilikuwa mahali pamoja, kila siku, na kila mtu alijua kipo. Kompyuta ya mezani inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, ikipewa nafasi.

Kuna pia hatari nyingine ambayo hatuisemi kwa sauti. Kitu chepesi chenye thamani ndicho cha kwanza kuchukuliwa nyumba inapobanwa. Mikopo ya kausha damu imeingia katika mitaa yetu, na anayekopesha anataka dhamana anayoweza kuikamata leo. Mpakato inaingia kwapani. Mzazi anaipeleka akiamini atairudisha mwisho wa mwezi, na kiendacho kwa mganga hakirudi. Mwizi naye anafikiri vilevile. Akiruka dirishani hana muda wa kuchomoa nyaya na kubeba monita begani.

Kwa nini basi tunaipenda mpakato hivi? Nadhani sehemu ya jibu iko katika historia yetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mfumo wa hesabu wa wizara hiyo kuleta hasara na vurugu. Kwa miaka mingi baada ya hapo kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi kubwa, cha benki, cha mradi wa wafadhili. Zilipoanza kuingia majumbani, ziliingia zikiwa alama ya mtu mwenye kazi yake. Begi la mpakato begani linasema huyu ni mtu wa ofisini. Monita juu ya meza ya sebuleni haimpambi mtu yeyote, kwa sababu haiendi naye popote.

Hata serikali huvutwa na fikra hiyo. Jirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kwamba kila mtoto anayeanza darasa la kwanza katika shule ya umma atapewa kompyuta mpakato. Vifaa vilipoanza kusambazwa mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi. Mjadala ulikuwa mkubwa kuhusu zabuni na gharama. Lakini ni wangapi waliouliza kama mtoto wa miaka sita anahitaji kifaa chake peke yake, au chumba chenye kompyuta imara ambayo haihami?

Stika moja, nguvu mbili

Tuingie dukani. Kariakoo, au mtaa wa Luthuli kule Nairobi, utakuta mashine za ofisi zilizotumika Ulaya na Ghuba, nyingi zikiwa zimepitia Dubai: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Kampuni kubwa za huko hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Kando yake zimepangwa mpakato, nazo zimetumika. Zote mbili zina stika ya Core i5. Muuzaji anakwambia nguvu ni moja, hii unabeba, ile hubebi. Mnunuzi anaona mwenye akili ni yule anayechukua inayobebeka.

Nguvu si moja. Chukua kizazi cha sita cha Intel, ambacho bado kimejaa madukani. Core i5-6500 ya mezani ina viini vinne vya kuchakata na imetengenezwa kutumia hadi wati 65. Core i5-6200U ya mpakato ina viini viwili na imebanwa kwenye wati 15, ili betri idumu na mashine isiunguze mapaja. Jina la biashara ni moja, kazi ni tofauti. Mtoto akifungua kitabu cha PDF cha kurasa mia tatu huku kivinjari kina madirisha kumi na video ya somo la fizikia inaendelea, ataiona tofauti hiyo bila kuelezwa na mtu.

Monita nayo ina uzito wake. Monita ya inchi 22 inamwezesha mtoto kuweka swali upande mmoja na jibu upande wa pili, akakaa wima, macho yake yakiwa sambamba na maandishi. Mpakato ya inchi 14 inamkunja shingo. Mara nyingi hutumiwa kitandani, juu ya godoro, na godoro linaziba matundu ya hewa chini yake. Mashine inachemka, feni inalia, na kazi inakwenda polepole zaidi.

Ukijumlisha mashine ya ofisi iliyotumika, monita bapa, kibodi, kipanya na UPS ndogo (betri ya akiba), mara nyingi bado hujafikia bei ya mpakato mpya ya daraja la chini. Na hizo mpya za bei ya chini ndizo zenye hifadhi ndogo iliyogandishwa kwenye ubao na RAM isiyoongezeka. Rahisi ni ghali, wanasema wauza nguo, na katika kompyuta ni kweli maradufu.

Kikombe cha chai

Muulize fundi yeyote wa kompyuta kinachomletea wateja. Atakutajia bawaba zilizovunjika, kioo kilichopasuka kwa sababu kalamu ilisahauliwa juu ya kibodi kifuniko kikafungwa, tundu la chaja lililolegea, betri iliyovimba, na chai. Hasa chai. Chai ikimwagika kwenye kibodi ya mezani, umeharibu kibodi, ambayo bei yake haizidi sana ya kilo chache za nyama. Ikimwagika kwenye mpakato, chini ya vitufe upo ubao wenye kila kitu. Katika nyumba yenye watoto, chai itamwagika.

Mashine ya mezani inafunguliwa kwa bisibisi. RAM inachomolewa na kuongezwa. Diski ya zamani inayozunguka inatolewa, inawekwa SSD, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inawaka mara moja. Kisambaza umeme cha ndani kikiungua, unanunua kingine, hata cha mtumba. Monita ikifa, mashine inaendelea kuishi na monita nyingine, au hata na televisheni ya nyumbani yenye tundu la HDMI. Vumbi, adui mkubwa kwa wenzetu wa Dodoma na Shinyanga, linapulizwa na fundi kwa blowa, na kazi inaisha.

Mpakato nyingi za kisasa hazikubali hayo. RAM imeunganishwa kwenye ubao tangu kiwandani, betri imebandikwa kwa gundi. Betri yenyewe ina umri: baada ya kujazwa na kutumiwa mara mia tatu hadi mia tano hivi, inakuwa imepoteza sehemu ya nguvu yake ya mwanzo. Zile tunazouziwa zimetumika tayari miaka kadhaa ughaibuni. Ni mpakato ngapi mnazozijua ambazo leo haziwaki bila kuchomekwa ukutani? Hizo zimeshageuka kuwa za mezani, ila zenye kioo kidogo na bei ya mpakato.

Lakini umeme je?

Hapa ndipo hoja ya upande wa pili ilipo na nguvu, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hatujausahau. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme mwingi kwenye gridi, lakini nguzo za mtaani zinaanguka, transfoma zinaungua, na mvua kubwa ikinyesha baadhi yetu tunalala gizani. Mpakato yenye betri nzima inavuka saa hizo. Ya mezani inazimika papo hapo, na kazi isiyohifadhiwa inakwenda nayo.

Ndiyo maana nasema UPS si nyongeza, ni sehemu ya bei. UPS ndogo ya VA 650 haikupi usiku wa kazi, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Inakinga pia mashine dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo, ule unaoua friji na televisheni za watu. Betri yake huchoka baada ya miaka michache, hubadilishwa peke yake. Anayeuza kompyuta ya mezani bila kumtajia mteja UPS amemuuzia nusu.

Bili je? Hesabu hii wazazi wengi huiogopa bila kuipiga. Tuseme mashine pamoja na monita vinakula wati 80, mpakato wati 30, na vyote vinawashwa saa 4 kila siku. Kwa mwezi wa siku 30, ya mezani imekula uniti 9.6, mpakato uniti 3.6. Tofauti ni uniti 6. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 1,750 kwa mwezi. Mwaka mzima ni shilingi 21,000. Betri moja ya kubadilisha kwenye mpakato inaimeza akiba hiyo yote na kudai zaidi. Tahadhari pekee ni kuhusu monita: kama unapewa ile ya chogo kwa bei ya kutupa, iache, kwa sababu inakula umeme mwingi na kubana meza nzima.

Mbele ya macho ya wote

Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, wazazi wengi waliona kwa mara ya kwanza jinsi mtoto anavyosoma, au asivyosoma, kupitia kioo. Masomo yalikuja kwa redio, kwa televisheni, kwa makundi ya WhatsApp. Simu ya mzazi ikawa darasa. Tangu hapo watoto wamebaki na vioo mikononi, na kila mzazi ninayezungumza naye ana hofu ile ile: anaangalia nini huko chumbani?

Siamini katika kumpekua mtoto. Naamini katika mahali. Kompyuta iliyowekwa sebuleni, kioo kikielekea upande ambao watu hupita, inalea bila kugombana. Mama anapita na sufuria, anauliza hiyo grafu ni ya nini. Mdogo anasimama nyuma ya dada yake, anajifunza kuandika barua kabla hajafundishwa. Zamu zinapangwa, ugomvi wa zamu unatokea na unaamuliwa, na hilo pia ni malezi. Mpakato inaruhusu mlango kufungwa. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini utamkunjaje kama yuko chumba cha pili, chini ya shuka, na kifaa kizima?

Kila mtu afunguliwe akaunti yake katika mashine hiyo moja. Ni kazi ya dakika chache. Baba aweke mafaili yake kwa neno lake la siri, mama hesabu zake, watoto masomo yao. Hofu ya kuharibiwa kazi za ofisi, ambayo ndiyo kisingizio cha kuwafukuza watoto, inakwisha hapo.

Wanaohitaji mpakato kweli

Wapo, na sitaki mtu yeyote asome makala hii akidhani nawadharau. Mwalimu anayeandalia masomo shuleni na nyumbani, mwandishi wa habari, mtumishi wa mradi anayelala wilaya tofauti kila wiki, hao kompyuta yao ni ya kazi na inapaswa kutembea. Aliyepanga chumba kimoja, ambako kitanda ndicho kiti na meza, hana pa kuweka monita. Mpangaji anayehamishwa na mwenye nyumba mara kwa mara naye ana sababu. Kijijini ambako nyumba inaendeshwa na paneli moja ndogo ya sola, mashine ya ofisi itaikausha betri kabla ya saa mbili usiku.

Kwa baadhi ya hawa kuna njia ya katikati ambayo wauzaji wetu hawaitangazi vya kutosha: zile mashine ndogo za mezani, ukubwa wa kitabu kinene, kama OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny. Zikiwa na kazi nyepesi hutumia umeme mdogo, karibu sawa na mpakato, zinafungwa nyuma ya monita, na zinafunguliwa na fundi. Katika sebule ndogo zinamaliza ubishi wa nafasi.

Anayekwenda kununua ajue jambo moja zaidi, maana sasa ndilo linalowaponza wengi. Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, au kinacholingana nacho cha AMD, pamoja na moduli ya usalama ya TPM 2.0. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha sita na cha saba zimekuwa rahisi ghafla. Uliza kizazi kabla ya kuuliza bei. Namba inayofuata alama ya i5 na kistari ndiyo inayokwambia: 6500 ni cha sita, 8500 ni cha nane. Ukitaka kabisa ile ya bei nafuu, mwambie fundi akuwekee Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na bado zinapata masasisho ya usalama. LibreOffice inafungua barua na majedwali, kivinjari ni kile kile. Usikubali RAM chini ya GB 8, wala diski ya kuzunguka peke yake.

Swali gumu kuliko yote huletwa na wazazi ambao mtoto wao mkubwa anaingia chuo, wadogo zake watatu wako msingi na sekondari, na fedha inatosha kitu kimoja tu. Nikiulizwa hivyo, nauliza kwanza anakwenda kusoma nini. Kama ni uhandisi, usanifu majengo au sayansi ya kompyuta, apewe mpakato aondoke nayo, na wazazi wajue wazi kwamba nyumbani bado hakuna kompyuta, waanze kuweka akiba upya. Kama ni masomo mengine, chuoni atakuta maabara ya kompyuta na maktaba, na akiwa mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB kuna fungu la vitabu na viandikwa. Wadogo zake hawana maabara wala fungu, wana steshenari ya mtaani na shilingi za kuomba kwa mama. Hapo ningenunua ya mezani, na mkubwa ataikuta akirudi likizo.